CHECHE YA INJINI YA MASHUA, NA JINSI YA KUITAFUTA IKIPOTEA

Hotuba iliyosomwa na karani wa mwalo mbele ya wazee, walimu na wavuvi wa visiwani, Ziwa Victoria



Mimi si fundi kwa kazi yangu. Kazi yangu ni kalamu na daftari, na wengi wenu mwanijua kwa sababu ndimi niandikaye hesabu ya samaki wenu mwaloni. Basi hapana shaka wako wanaouliza mioyoni mwao, "Karani huyu ana nini na injini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza, kabla ya kueleza neno lingine.

Miaka minane iliyopita nilipanda mashua jioni moja kutoka kisiwa kidogo kwenda Nansio, penye hospitali. Tulikuwa watu sita: nahodha, mzee aliyelizoea ziwa tangu utoto wake, kijana wake wa kazi, wachuuzi wawili wa dagaa, mimi, na mama mmoja aliyempakata mtoto wake mgonjwa. Mtoto alikuwa na homa kali, na macho yake yalikuwa yamekwisha kulegea.

Tulipokuwa katikati ya maji, injini ilizimika. Haikukohoa, haikupunguza mwendo, haikubadili sauti. Ilinyamaza mara moja. Nahodha akaniambia, "Bwana Karani, hii imekufa kama taa iliyopulizwa. Mafuta yakikatika, injini haifi namna hii." Akanyosha mkono achukue spana ya plagi.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha injini, tena kwa Kiingereza, nikaona haya kukaa kimya mbele ya watu. Nikamjibu, "La, mzee, hii ni kabureta imeziba. Tuifungue." Naye, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa watu wa kalamu, akaiweka spana yake chini akanisikiliza. Tukaifungua kabureta gizani, mashua ikiyumba, na skrubu moja ndogo ikaniponyoka mkononi ikaanguka majini. Tangu dakika ile hata malaika asingaliweza kuiwasha injini. Kasia lilikuwa moja tu, na hilo lilikuwa limepasuka. Simu hazikupata mawimbi. Tulichukuliwa na upepo usiku kucha, mama yule akimfunika mwanawe kwa khanga yake, hata asubuhi mashua nyingine ilipotuona ikatufunga kamba na kutuvuta.

Mtoto alifika hospitali mchana, akafariki siku ya pili yake. Sisemi kwamba angalipona. Mambo ya uhai na mauti si ya karani kuyaamua. Lakini najua kwamba usiku ule wote dawa ilikuwa ng'ambo, na sisi tulikuwa majini.

Fundi wa Nansio aliitazama injini ile kwa muda usiozidi robo saa. Alikuta waya mwembamba utokao kwenye swichi ya kuzimia injini umesuguliwa na ukingo wa bati hata mpira wake ukatoka, nao waya umegusa chuma. Basi. Kipande cha utepe chenye urefu wa kidole kingalitufikisha. Nahodha asiyejua kusoma alikuwa amelitambua jambo kwa sikio lake, na msomi alimzuia. Tangu siku ile nilikwenda kwa fundi yule kila Jumamosi kwa mwaka mzima, nikashika spana na kunyamaza. Hayo niliyoyapata kwake ndiyo niliyokuja kuwapa leo.

CHECHE NI NINI

Injini ya petroli yataka mambo matatu ili iwake: mafuta na hewa vilivyochanganywa kwa kadiri, mbano wa pistoni ndani ya silinda, na cheche ya kuyawasha mafuta hayo kwa wakati wake. Likikosekana moja, hayo mawili mengine ni kazi bure. Katika injini zetu nyingi, zile za kuchanganya oili na petroli, cheche huruka mara moja kila gurudumu linapozunguka mzunguko mmoja. Ikiwa injini yazunguka mara 5,000 kwa dakika, basi kila plagi hutoa cheche 5,000 katika dakika hiyo, yaani zaidi ya 80 katika kila sekunde. Si ajabu kwamba kitu chenye kazi nyingi namna hiyo huchoka. Ajabu ni kwamba hudumu.

Huenda mwauliza, umeme huo watoka wapi, maana injini nyingi ndogo hazina betri? Watoka katika sumaku. Mwaka 1831 Mwingereza jina lake Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipita karibu na waya uliosokotwa, umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Mwaka 1902 katika mji wa Stuttgart, nchi ya Ujerumani, karakana ya Robert Bosch ilitoa mtambo wa sumaku wenye nguvu ya kurusha cheche katika plagi, kazi ya fundi wake Gottlob Honold. Na mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, alianza kuuza katika mji wa Milwaukee injini ya kupachika nyuma ya mashua, yenye nguvu ya farasi mmoja na nusu na uzito wa ratili 62, yaani kilo 28 hivi. Hakuwa wa kwanza kuifikiria, lakini yake ilienea sana. Injini mnazoziona ufukweni hapa ni wajukuu wa injini hiyo.

Sasa tazameni njia ya umeme, maana asiyeijua njia hawezi kumtafuta aliyepotea. Juu ya injini lipo gurudumu zito, na ndani yake zimo sumaku. Mnapovuta kamba, gurudumu huzunguka, na sumaku hupita mbele ya koili. Koili ina nyaya za namna mbili: mmoja mnene kidogo wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Umeme mdogo huzaliwa katika ule mnene. Katika injini za zamani umeme huo hupita katika vidomo viwili vya chuma viitwavyo platini, ambavyo hufunga na kufunguka kama mlango. Platini zinapofunguka, umeme wa waya mnene hukatika ghafula, na kwa kukatika huko huzaa katika waya mwembamba nguvu kubwa mno, volti 10,000 au zaidi, ilhali umeme wa nyumba zetu ni volti 230 tu. Nguvu hiyo hupita katika waya mnene wa plagi, ikafika kwenye ncha ya plagi, ikaruka mwanya mdogo. Huko kuruka ndiko cheche. Kando ya platini kipo kikopo kidogo kiitwacho kondensa, nacho kazi yake ni kuzizuia platini zisichomwe na cheche zao wenyewe.

Swichi ya kuzimia nayo yashangaza wengi. Katika injini hizi swichi haiukati umeme. Huupeleka kwenye chuma cha injini, ukapotea huko kama maji ya mtungi uliotoboka. Kwa hiyo waya wake ukichubuka na kugusa chuma, injini huona kama mtu ameizima. Ndivyo tulivyopatikana sisi.

SIKILIZA KWANZA JINSI ILIVYOKUFA

Mganga mwema huuliza kabla ya kushika. Injini iliyonyimwa mafuta hufa polepole: hupungua nguvu, hukohoa, huinuka tena kidogo, kisha hulala. Injini iliyonyimwa cheche mara nyingi hunyamaza ghafula, kama neno lililokatwa mdomoni. Injini yenye silinda mbili, ikipoteza cheche ya upande mmoja, huendelea kwa kuchechemea, hutetemeka, na nguvu zake hupungua sana. Na injini iwakayo vizuri ikiwa baridi, ikafa ikipata moto, kisha ikakubali tena baada ya kupoa, mara nyingi koili yake ina ufa.

Hizi ni dalili, si hukumu. Dalili hutuonyesha mlango wa kwanza wa kubisha hodi.

UTARATIBU WA KUTAFUTA

Fuateni utaratibu huu, neno moja baada ya jingine, tangu lililo rahisi hata lililo gumu. Mtu abadilishaye vitu vitatu kwa mara moja, injini ikiwaka hajui kilichomponya. Isipowaka hajui alichoharibu.

Kwanza, itazameni swichi ya kuzimia. Injini nyingi zina kamba ya usalama ambayo nahodha huifunga mkononi, na mwisho wake pana kidude kilichopachikwa chini ya kitufe. Kidude hicho kikichomoka, hapana cheche hata mvute hata kesho. Nimewaona watu wazima wakivuta kamba hata viganja vikatoka malengelenge, na kidude kimelala chini ya mashua katika maji ya samaki.

Pili, shikeni waya wa plagi na kofia yake. Je, imekaa imara? Je, imelowa? Je, mpira umepasuka? Futeni kwa kitambaa kikavu. Maji huupa umeme njia ya kutorokea, nao umeme, kama mbuzi, hupita penye uwazi pasipo kuuliza mlango.

Tatu, ifungueni plagi na kuisoma. Nasema kuisoma, kwa maana plagi ni barua itokayo ndani ya silinda. Ikiwa ncha yake ina rangi ya hudhurungi, mambo ya ndani ni mema. Ikiwa imelowa petroli, basi mafuta yanafika na hayakuwaka. Shaka iende kwenye cheche, au mmevuta kamba mno hata silinda imefurika. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, huenda mafuta hayafiki, na hapo kabureta ina haki ya kushtakiwa. Ikiwa nyeusi yenye utelezi, oili imezidi katika mchanganyiko, au plagi si ya namna iliyoagizwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, silinda inapata moto kupita kiasi, na jambo hilo lisipuuzwe. Itazameni pia kauri yake nyeupe: ufa mwembamba kama unywele watosha kuimeza cheche.

Nne, ijaribuni cheche. Irudisheni plagi katika kofia ya waya wake, mlaze mwili wake wa chuma juu ya chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi, mbali na tundu la silinda. Kisha mtu mmoja avute kamba kwa nguvu na wepesi, kwa maana sumaku ikienda polepole haizai umeme wa kutosha. Fanyeni jambo hili kivulini, kwani jua huificha cheche. Cheche njema ni ya samawi, nene, yenye mlio mkali wa kupasuka. Cheche ya manjano au nyekundu, nyembamba kama uzi, ni dhaifu. Msidanganyike mkiiona ikiruka nje na kudhani kwamba kazi imekwisha. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu kurukwa kuliko hewa ya nje. Cheche inayoponea chupuchupu nje, ndani hufa. Kwa hiyo mafundi hutumia kifaa cha kupimia chenye mwanya mpana zaidi. Katika injini nyingi za zamani za sumaku na platini, cheche yenye afya huruka mwanya wa milimita 6 hivi.

Tano, wekeni plagi mpya ambayo mnajua kuwa ni nzima. Plagi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika njia hii, tena ndiyo inayokosa mara nyingi. Pimeni mwanya wake kwa vibati vya kupimia, wala si kwa jicho. Injini nyingi za zamani hutaka milimita 0.75 hivi, na nyingi za siku hizi hutaka karibu milimita 1; lakini kitabu cha injini yenyewe ndicho hakimu.

Sita, ikiwa hapana cheche hata kwa plagi mpya, tenganisheni waya wa swichi ya kuzimia kutoka kwenye injini, mjaribu tena. Cheche ikirudi, adui ni swichi au waya wake. Tafuteni mahali palipochubuka, mpafunge kwa utepe wa umeme, mkaufunge waya mbali na kingo kali. Lakini angalieni: injini ikiwaka hali waya umetengwa, swichi haitaizima, na kamba ya usalama haitafanya kazi. Mjue kwanza jinsi mtakavyoizima kwa kuinyima hewa au mafuta, wala msiende safari namna hiyo ila kwa kujiokoa tu.

Saba, ukageni waya mnene wa plagi. Njia moja nzuri ni kungoja usiku. Kama injini bado huwaka kwa shida, iwasheni penye giza, ikiwa ndani ya maji ili isiungue, mtazame bila kugusa. Mkiona vimulimuli vya samawi vikiruka kutoka kwenye waya au koili kwenda kwenye chuma, mmemkamata mwizi. Badilisheni waya huo.

Nane, kwa injini za zamani, ziendeeni platini. Kwa baadhi ya injini gurudumu lina dirisha dogo la kuchungulia, lakini kwa nyingi ni sharti gurudumu litolewe kwa kifaa chake cha kung'olea. Msiligonge kwa nyundo. Nyundo hupinda mhimili na hupasua sumaku, na mtu huondoka na ugonjwa mkubwa kuliko aliokuja nao. Platini zilizoota kutu au ukungu mweusi zisafishwe kwa msasa laini sana, kisha kipande cha karatasi safi kipitishwe kati yake kuondoa vumbi na mafuta, maana hata alama ya kidole chenye oili huweza kuuzuia umeme. Mwanya wake katika injini nyingi za zamani za Johnson na Evinrude ni inchi 0.020, yaani nusu milimita, zikiwa zimefunguka kabisa. Platini zikiungua upesi tena baada ya kusafishwa, shaka iwe juu ya kondensa.

Tisa na mwisho, koili. Itazameni kama imepasuka mwilini. Ufa huingiza unyevu, na unyevu huiba umeme, hasa injini ikipata moto. Fundi mwenye mita ataipima nyaya zake na kulinganisha na kitabu. Koili haitengenezwi kwa gundi, hubadilishwa.

CHECHE IKIWAPO NA INJINI IKIKATAA

Pengine mtaona cheche njema, mafuta yanafika, na injini haikubali, au inarudisha kamba kwa kishindo hata kuumiza mkono. Hapo yawezekana cheche inakuja nje ya wakati. Chini ya gurudumu kipo kipande kidogo cha chuma kama kabari, kilishikacho gurudumu na mhimili pamoja. Kikikatika, gurudumu huhama kidogo mahali pake, nayo cheche huja mapema au huchelewa. Tena kwa injini ya silinda mbili, angalieni kama nyaya za plagi hazikubadilishana mahali baada ya matengenezo. Kosa hilo ni la aibu, na aibu yake nimeionja mwenyewe.

INJINI ZA SIKU HIZI

Tangu miaka ya 1970 injini nyingi zimeacha platini. Mahali pake pamewekwa kisanduku kilichofungwa, ambacho huweka akiba ya umeme na kuiachilia mara moja kwa wakati wake. Hakina platini za kusugua wala za kupima, nayo cheche yake ni kali zaidi. Lakini kisanduku hakifunguliwi wala hakitengenezwi ufukweni, tena bei yake ni kubwa. Kwa hiyo msikihukumu kabla ya kumaliza neno la kwanza hata la saba, pamoja na vifundo vyote vya nyaya, ambavyo mara nyingi huwa na kutu tu. Watu wengi wamenunua kisanduku kipya kwa fedha za msimu mzima, na ugonjwa ulikuwa katika kifundo kilicholegea. Tena msivute kamba ya injini za namna hii huku nyaya za plagi zikining'inia hewani. Zilazwe kwenye chuma pamoja na plagi zake, la sivyo umeme uliokosa pa kwenda waweza kukiharibu kisanduku chenyewe.

MAONYO

Cheche na petroli ni moto. Kabla ya kujaribu cheche, ondoeni chombo cha mafuta, futeni petroli iliyomwagika, ngojeni mvuke upeperushwe na upepo, na tundu la plagi lielekee mbali na cheche. Asiwepo mtu mwenye sigara. Msishike waya wa plagi kwa mkono mtupu wakati kamba inavutwa. Mshtuko wake ni mkali, na mtu akiruka mashuani huweza kuanguka majini. Mwenye ugonjwa wa moyo na akae mbali kabisa na kazi hii.

SANDUKU LA NAHODHA

Naomba kila mashua iwe na sanduku dogo lisilopenya maji, na ndani yake mwe na vitu hivi: plagi mbili mpya zilizokwisha kupimwa mwanya; spana ya plagi; bisibisi; koleo; msasa laini; utepe wa umeme; kitambaa kikavu; kipande cha kamba ya kuvutia; na tochi. Gharama yake yote ni ndogo kuliko hasara ya nyavu zilizolala majini usiku mmoja bila ya mwenyewe. Na nje ya sanduku, makasia mawili mazima, na koti la kujiokolea kwa kila mtu. Injini ni mtumishi mwema, lakini hana ahadi. Makasia hayataki cheche.

Tena naomba mambo ya kawaida yasidharauliwe. Funikeni injini zinapolala ufukweni. Kila mwezi zitazameni nyaya mahali zinapopita juu ya kingo za bati. Changanyeni oili kama kitabu kiagizavyo. Injini nyingi za siku hizi hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na mtu aongezaye oili "ili injini ishibe" anaichafua plagi yake kwa mkono wake mwenyewe. Wazee walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

NENO KWA WALIMU NA WAZEE

Ninyi walimu, vijana mnaowafundisha kusoma ndio watakaovifungua vitabu vya injini, ambavyo vingi vimeandikwa kwa lugha za kigeni. Wafundisheni pia kumsikiliza mtu aliyekaa na injini miaka ishirini. Elimu ya kitabu ni taa. Lakini taa haimwambii mtu atazame wapi.

Nanyi wazee na manahodha, msituogope sisi watu wa kalamu. Mtu akikwambia "ni kabureta" na sikio lako limesikia jambo jingine, usiiweke spana chini. Mwambie, "Bwana, na tuitazame cheche kwanza." Yeye akikasirika, akasirike. Hasira yake itakwisha mkifika pwani.

Yule nahodha wangu yu hai, naye mpaka leo huvuka. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha, akanijibu, "Mwanangu, mimi nami nilinyamaza." Hakuniongezea neno. Yule mama sikuonana naye tena. Nilisikia tu kwamba amehamia kwao. Kwa hiyo maneno niliyopaswa kumwambia yeye nimeyasema kwenu, ili siku moja usiku, mtu mwingine akiwa katikati ya maji na mgonjwa mapajani, nahodha afungue sanduku lake, aguse kidude cha swichi, aifute plagi, aufuate waya kwa kidole chake hata apaone palipochubuka, na injini ikubali.

Injini iliyo mezani hapa nimeiazima kwa fundi. Nimekwisha kuiharibu kwa makusudi katika jambo moja dogo. Nawakaribisha vijana watatu waje mbele waitafute cheche yake, na wazee wawasimamie.